Kopo la Pamba

Fundi alikwenda hospitali kwa nia moja tu: kumkomesha mwalimu wa chekechea. Mwalimu yule alikuwa ameandika barua, tena kwa wino mwekundu, kwamba mtoto ana kiburi. Akiitwa haitiki, wenzake wakiimba yeye anapanga viti, na muhula ujao hatapokelewa mpaka mzazi alete karatasi ya daktari wa masikio. Fundi aliisoma barua mara mbili, akaangua kicheko. Mwanawe asisikie? Mtoto ambaye karakana nzima ndiye pekee asiyetumwa kitu mara mbili?

"Karatasi nitampelekea," alimwambia mwenzake wa kazi, mzee mmoja aliyeitwa Milimita kwa sababu alikuwa akipima ubao mara tatu na bado akaukata vibaya. "Tena nitaitilia fremu na kioo, nikaipigilie ukutani darasani kwake."

"Fremu nitapima mimi," Milimita akasema.

"Ukipima wewe, karatasi itabaki nje."

Tumpe haki yake kwanza, kulaumu hakukimbii. Fundi alikuwa baba wa kweli. Mkewe alikuwa anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Alitoka nyumbani alfajiri na kurudi saa kumi jioni, miguu imevimba. Kwa hiyo mtoto alikulia karakanani, chini ya chumba walichoishi, tangu hajui kusimama. Alitambaa kwenye unga wa mbao, akaota meno kwa kutafuna mpini wa patasi, na nywele zake hazikukosa maranda hata siku za sikukuu. Wakamwita hivyo hivyo, Maranda, na jina alilopewa na bibi yake likabaki kwenye cheti.

Karakana ile ilikuwa na mashine mbili, ya kukata na ya kuranda, na zote mbili zilikuwa na makelele ya kutoa roho. Zikishawashwa, maneno yalikwisha. Watu wakaongea kwa mikono, na kwa miaka mingi lugha yao ilikuwa imekamilika kabisa kwa mahitaji yao. Vidole viwili ni misumari. Kiganja kikipita hewani kama cha anayefuta meza, umeme umekatika au kitu kimekwisha. Kidevu kikiinuliwa, haya, fanya. Ngumi kifuani, zima mashine upesi. Na kila asubuhi, kabla hajagusa swichi, Fundi aliweka kidole sikioni, maana yake tieni pamba, na mtu asiyetia hakuanza kazi.

Maranda alijua ishara zote kabla hajafikisha miaka miwili. Pamba alikuwa akitiwa na baba yake, vidonge viwili vidogo, kwa uangalifu kama anayemvisha hereni. Alipotimiza miaka mitatu alitaka kujitilia mwenyewe, na Fundi akampa kopo dogo lililokuwa la dawa ya kuchua, akalijaza pamba. Kopo hilo lilikaa kwenye mfuko wa gauni lake kila siku ya Mungu. Kusema hakusema sana, ni kweli, sauti mbili tatu tu za hapa na pale. Lakini Fundi alikuwa na jibu lake tayari: yeye mwenyewe alianza kusema akiwa na miaka mitano, na sasa nani anaweza kumnyamazisha?

Basi huyo ndiye baba aliyeingia hospitali siku hiyo asubuhi, shati limepigwa pasi, ameshika mkono wa binti wa miaka minne na nusu.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa sponji. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya pole. Alimketisha Maranda kwenye kiti kifupi, akamvisha hedifoni kubwa kuliko kichwa chake, akamwekea beseni mbele na vibao vya rangi pembeni. Akamwonyesha: unashika kibao, unasubiri, ukisikia mlio unakidondosha ndani ya beseni. Maranda aliangalia mikono ya daktari mara moja tu, akaelewa. Fundi alitabasamu. Kwa vibao tena? Huyu si amezaliwa navyo?

Daktari akaenda nyuma ya kioo, kwenye chombo chake, akaanza kubonyeza. Fundi alikuwa amekaa ng'ambo ya beseni, uso kwa uso na mwanawe. Kibao cha kwanza, ngo! Cha pili, ngo! Cha tatu. Moyoni Fundi alikuwa ameshaanza kukata mbao za ile fremu.

Daktari akatoka. "Baba, naomba uhamie nyuma yake."

"Kwani nimefanya nini?"

"Kila nikibonyeza, unainua kidevu."

Fundi alitaka kubisha. Alijishika kidevu kama mtu aliyeambiwa ana vumbi usoni. Wallahi hakuwa anajua. Alikuwa ameona kidole cha daktari kikishuka, na kidevu kikafanya kazi yake ya kila siku bila kumuuliza mwenyewe. Akainuka, akabeba kiti chake, akakaa nyuma ya mtoto ambapo aliona kisogo tu, na waya wa hedifoni, na randa moja la mbao lililojikunja juu ya sikio.

Daktari alibonyeza. Maranda alikuwa ameshika kibao cha buluu, amekiinua usawa wa bega, tayari. Daktari akabonyeza tena. Mkono wa mtoto ulianza kuchoka, akaushikilia kwa mkono wa pili. Ukapita muda mrefu kiasi kwamba Fundi alisikia saa ya mkononi mwake mwenyewe. Kibao hakikudondoka. Mwishowe Maranda aligeuka taratibu, akamtafuta baba yake, na alipomwona alimtazama kidevuni.

Kikafuata kipimo kingine, cha nyaya zilizobandikwa kichwani mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa ya maji. Fundi akaulizwa maswali, akajibu. Saa sita daktari alimwita ofisini. Maranda alikuwa bado amelala begani kwake, mzito, mdomo wazi.

"Baba, mtoto hasikii," daktari akasema. "Masikio yote mawili. Akipata chochote basi ni ngurumo kubwa sana, tena anaipata kama mtikisiko mwilini, si kama sauti. Kwa tunavyoona, amezaliwa hivyo."

Fundi alikuwa anatazama mlango. Bawaba ya juu ilikuwa na skrubu tatu, ya chini mbili, na mahali pa ile ya tatu palikuwa pamepigiliwa msumari.

"Ni mashine?" akauliza. "Mimi nina mashine. Lakini pamba nilimtia. Kila siku, daktari. Nilimtia mwenyewe."

"Si mashine. Pamba ulifanya vizuri." Daktari akageuza karatasi. "Ila miaka hii ya mwanzo ndiyo mtoto anapokea lugha. Tungempata akiwa na miaka miwili, au hata mitatu..." Akaanza kueleza habari za vifaa vya kuvaa masikioni, kwamba vitamsaidia kidogo, si sana, na habari za shule ya viziwi, kwamba ni nzuri, na mzazi naye anafundishwa.

Viziwi. Neno hilo Fundi alilitumia kila siku ya kazi. We kiziwi nini, alimwambia Milimita, nimesema leta gundi! Hakuwahi kufikiri kwamba ni neno la mtu. Alisubiri limchome, akangoja kama anayengoja maumivu baada ya nyundo kukosea msumari, lakini halikumchoma. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi.

"Una swali lolote, baba?"

"Mlango wako utaanguka," Fundi akasema. "Huo msumari haushiki. Ungetafutiwa skrubu."

Daktari alitazama mlango, akamtazama yeye, akasema asante. Akampa karatasi iliyochorwa mstari uliotakiwa kupita juu, lakini ukawa umelala chini kabisa mpaka mwisho. Fundi aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa nyuma.

Alirudi karakanani akala viazi vilivyopoa. Alikuwa na mlango wa mteja wa kumaliza, akaumaliza. Mtu angemwona angesema huyu hana shida. Aliranda, akapiga msasa, akachimbia kitasa, na vipimo vyote vilikaa sawa. Tena alifanya kazi nzuri kuliko kawaida, jambo ambalo lilimtia kinyaa. Alijipapasa moyoni akitafuta uchungu, akakuta pakavu. Maranda alikuwa ameamka, amekaa chini ya meza ya kazi akipanga mabaki ya mbao kwa ukubwa, pamba masikioni.

Milimita alimuuliza kwa kuinua viganja viwili: vipi huko? Mashine zilikuwa zinanguruma. Fundi akamnyooshea kidole mtoto, kisha akagusa sikio lake, kisha akapitisha kiganja hewani, kama anafuta meza.

Milimita alisimama na rula yake mkononi. Akaja karibu, akampigia Fundi kelele sikioni, "Huyu? Huyu anasikia kuliko mimi!"

Fundi akarudia. Kiganja hewani. Milimita akaenda kukaa juu ya rundo la mbao na hakupima kitu tena mchana ule.

Hapo ndipo mambo ya zamani yalipoanza kumjia moja moja, bila fujo, kama wateja waliopanga foleni. Mwaka juzi ubao mrefu uliteleza kutoka juu ya rafu. Watu wote walipiga ukelele, Milimita akaangukia kwenye unga wa mbao, na Maranda alisimama pale pale akichezea skrubu, ubao ukatua hatua moja kutoka miguuni kwake. Fundi alimbeba juu juu. Alitembea na hadithi ile mtaa mzima: mwanangu hana woga, jamani, amerithi kwa babu yake, hata kope hakupepesa! Watu walimpongeza. Alinunua soda.

Na mkewe. Mara ya kwanza alisema wakiwa chumbani kwao, juu ya karakana. "Baba Maranda, mimi naona mtoto hasikii." Fundi alikuwa ameilaza sakafu ya chumba kile mwenyewe, ubao kwa ubao. Mtoto alikuwa amewapa mgongo. Fundi akaita, "Maranda!" na huku akiita, akapiga mguu chini, puu! Mtoto akageuka. "Umeona?" akamwambia mkewe. Mara ya pili alisema baada ya miezi kadhaa, kwa sauti ya chini zaidi, na Fundi akapiga tena mguu, mtoto akageuka tena, na safari hii Fundi akamcheka mkewe. Akamwambia mvuke wa pasi umempanda kichwani. "Sikio la kufa halisikii dawa," mkewe alisema, akarudi kwenye sufuria yake. Tangu siku ile hakulisema tena jambo hilo, na Fundi akahesabu kwamba ameshinda.

Sasa saa kumi ilikuwa inakaribia, na mwanamke huyo alikuwa njiani anarudi.

Hapo Fundi aliona aibu, na aibu ilikuwa kitu cha kwanza kupenya ile ganzi. Alijua alichotakiwa kusema. Kwamba ulikuwa sahihi. Kwamba nimekula miaka miwili ya mtoto kwa kupiga mguu chini. Alijaribu maneno hayo mdomoni yakawa kama unga wa mbao, hayamezeki wala hayatemeki. Ndipo akapata neno jingine, dogo, jepesi: nta. Ni nta tu imejaa masikioni. Ataambiwa hivyo leo, na kesho ni siku nyingine. Mtu mzima na ndevu zake alipanda ngazi akilikariri neno nta kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mkewe alikuwa ameshaingia, amekaa kitandani akivua viatu. Maranda alimkimbilia, akajitupa mapajani.

"Wamesemaje?"

"Nta," Fundi akasema. "Imejaa nta. Si kitu. Wametoa dawa ya matone, matatu asubuhi, matatu jioni, ila duka lao lilikuwa limefungwa, kesho nitapita. Daktari mwenyewe amecheka. Amesema watoto wa karakana ndivyo walivyo, vumbi, unajua, vumbi linagandamana na ile nta, halafu..."

Mkewe aliinua ngumi, akaiweka kifuani.

Fundi akanyamaza katikati ya neno. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaenda pembeni kutafuta swichi. Ishara ile ilikuwa ya chini, ya mashine. Mkewe hakuwa amefanya kazi karakanani hata siku moja.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Mwanao." Alikuwa anamtoa Maranda randa kichwani, bila kuinua macho. "Unadhani huwa tunaongeaje, mimi na yeye? Wewe ukilala mchana Jumapili, sisi tunapiga soga hapa mpaka mikono inauma. Ananiambia Milimita amekata ubao mfupi. Ananiambia umeme umekatika. Kila kitu ananiambia."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponicheka."

Fundi akakaa chini, kwenye ile sakafu yake. Akatoa karatasi mfuko wa nyuma, akaikunjua, akaiweka juu ya ubao. Mkewe aliutazama ule mstari uliolala, akapitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kwa nini hukumpeleka mwenyewe?" Fundi akauliza. Hakuwa anamlaumu, alitaka kujua tu.

"Niliogopa. Nikisema mimi, ni wasiwasi wa mama. Akisema daktari, basi tena." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Halafu nikaona anakua. Nikajua kwa neno langu huendi. Lakini ukipata mtu wa kumkomesha, utakwenda mbio. Ile barua ya mwalimu niliiomba mimi. Nilimwambia aandike kwa wino mwekundu."

Siku nyingine Fundi angecheka. Ni mzaha wa aina yake hasa. Leo hakikuja kicheko wala kilio.

"Nisamehe," akasema.

"Nitakusamehe, nipe muda," mkewe akajibu. "Mimi nilishajua. Ambaye bado hajaambiwa ni huyu. Wewe ndiye uliyemfundisha maneno yote anayoyajua. Mwambie."

Maranda alikuwa amesimama kati yao, anawatazama kwa zamu, mmoja mmoja, jinsi alivyozoea kutazama watu wote, machoni na mikononi. Fundi akapiga magoti ili wawe sawa. Akainua mikono. Misumari alikuwa nayo. Gundi alikuwa nayo, na chakula, na njoo, na hatari, na kimekwisha. Alizipekua ishara zote za maisha yake, akakuta kwamba katika karakana ile hakuna mtu aliyewahi kuhitaji ya sauti. Angeanzia wapi? Angemwambiaje kwamba kuna kitu kimejaa chumba hiki sasa hivi, na kimekuwapo siku zote, watu wote wanacho?

Akafanya alichoweza. Akaweka kidole sikioni.

Uso wa Maranda ukachangamka. Hili alilijua, hili ndilo la kwanza kabisa alilojifunza. Akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kopo lake, akalifungua kwa meno. Alichambua pamba, akaviringisha vidonge viwili, akamtia baba yake, kulia kisha kushoto, akisukuma polepole kwa ncha ya kidole. Midomo ya mkewe ikawa inatikisika na Fundi hakusikia tena anachosema. Mtoto akamgeukia mama yake, akamtia na yeye. Kisha akajitilia mwenyewe, kwa uangalifu uleule kama kila asubuhi, akahakikisha pande zote mbili zimekaza, akafunga kopo. Akaiunganisha mikono nyuma na kumtazama baba yake, akisubiri ainue kidevu.